Mpiga Pasi wa Bendera

Ukumbini Debrecen, nyuma ya jukwaa, chumba namba nne,
mimi Piroska Halmos na pasi yangu ya mvuke
tunanyoosha mataifa.
Themanini na saba, nimeyakunja moja moja.
Hariri bandia haitaki moto mwingi:
ukizidisha, nchi ya mtu inanata kwenye chuma.

Siku ya fainali ya kilo sabini na nne
niliambiwa niandae mbili, ya Slovakia na ya Bahareni.
Nikachungulia penye mwanya wa pazia
nione nani wanazigombea.

Niliona masikio.
Masikio manne ya namna moja, yamevimba, yamejikunja
kama uyoga uliokanyagwa,
yamepondwa na mkeka mmoja
katika kijiji kimoja cha milima ya Dagestani
ambako, alininong'oneza mkalimani, kila mlango hutoa mwanamieleka,
na timu ya taifa ina nafasi moja kwa kila uzito.
Nafasi moja.
Hesabu hiyo haikuhitaji mkalimani.

Basi Zainudin alikwenda Bratislava,
akapewa pasipoti na vyumba viwili vinavyotazama reli.
Shapi alikwenda Manama. Hajazoea joto. Mama yake humtumia jibini
ambalo huharibika forodhani.

"Wamenunuliwa," alisema Jenő, mshika kamba za bendera.
"Mkataa kwao ni mtumwa."
Alilisema kwa ulaini wa mtu
ambaye kwao hapajawahi kumkataa.

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye pindo.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Ungvár, nyumba ya pembeni, karibu na mto.
Alizaliwa chini ya mfalme, akaolewa chini ya Wacheki,
akamzaa mama Hungaria iliporudi,
akafiwa na mume chini ya Wasovieti,
akazikwa Ukraina.
Hata mtaa hakuhama.
Kila mara alikuja mtu na ngazi, akabadilisha kibao cha posta,
na bibi akaingia kununua stempu, akauliza dirishani:
"Leo nalamba kisogo cha nani?"

Nani hapo alimkataa mwenzake?

Walishikana dakika sita.
Walishikana kama watu wanaotafuta funguo
kwenye mifuko ya koti wanalolijua.
Goti la kushoto la Shapi, aliniambia mkalimani,
liliteguka utotoni, kwenye ukuta wa shamba la matufaha,
na aliyembeba mgongoni hadi nyumbani ni huyu huyu.
Mara mbili Zainudin alilifikia goti lile,
mara mbili mkono ukapita juu.
Zikabaki sekunde nane.
Akalishika.
Hakulivuta sana. Ilitosha.

Jenő alivuta kamba. Bendera yangu ikapanda bila kunyanzi:
nyeupe, buluu, nyekundu,
rangi zile zile alizoziacha nyumbani, kwa mpango ule ule.
Kilichoongezeka ni ngao.
Ya kukinga nini, sijui.
Wimbo ulipopigwa, midomo yake ilifuata maneno kwa nyuma kidogo,
kama mgeni anayeitikia dua ya wenyeji,
kisha akainama kwa yule wa pili, akamwambia kitu,
na wote wawili wakacheka, Shapi akilipumzisha goti,
kwa lugha ambayo bendera yake
haimo kwenye rafu zangu.

Usiku zililetwa zile walizojifunga mabegani.
Zilikuwa zimelowa jasho, na ile ya Bahareni ilikuwa na damu ya pua,
sijui pua ya nani.
Kanuni iliyobandikwa ukutani inasema kila nchi beseni lake.
Ilikuwa saa saba, na maji ya moto yalikuwa yanaisha.
Nilizifua pamoja.

Asubuhi nyeupe ya Slovakia ilikuwa na wekundu hafifu upande mmoja,
kama shavu la mtu aliyetoka kwenye baridi.
Jenő aliishika, akaigeuza dirishani, akaniangalia.
Nilidhani ataleta methali nyingine.
Aliikunja, akaiweka na zenzake,
akauliza kama kahawa imebaki.