Ukurasa wa Kumi na Moja

Tuliuandika siku tatu, ofisi ya chama, Uru,
mvua ya Aprili ikipiga bati mpaka mshauri akanyamaza.
Alikuja na kalamu za rangi nne.
Dira, akaandika ukutani. Dhamira.
"Mnajiona wapi baada ya miaka mitano?"
Ndelilio akajibu, "Wengine, chini ya migomba."
Tukacheka. Chai ikaja.

Aikande, mhazini, hakucheka.
Aliuliza hiyo dira itafungua mfongo siku gani,
zamu ya nani.
Mshauri akafikiri, akaandika: Uwajibikaji.

Mimi katibu nikachapa kurasa arobaini na mbili,
nikazishusha Moshi mjini kujalidiwa,
zikarudi na mlima kwenye jalada,
theluji nyingi kuliko tunayoiona.
Msimu ulipoanza, mpango ukapata kazi:
ulikaa chini ya mguu mfupi wa meza ya mizani.
Sitanii. Mwaka ule hakuna aliyelalamika kupunjwa kilo.

Oktoba likaja gari, giza limeshaingia.
Mtu mpole, mkoba wa pesa, viatu visivyojua tope.
Ananunua kahawa ikiwa mtini, alisema,
analipa usiku huu huu.
Wa kwanza kusimama ni mimi.
Mwanangu alikuwa nyumbani, karudishwa kwa ajili ya ada.

Aikande akainama, akauchomoa mpango;
mizani ikayumba, ikagonga ukuta.
Akasoma, kidole chini ya mstari:
Hatutauza kahawa ambayo haijavunwa.
Basi. Hakuongeza neno.
Chini yake sahihi na dole gumba, kumi na tisa,
ya kwanza yangu.

Siku zote nilidhani mpango ni ngazi:
panda hapa, utafika pale.
Kumbe kuna kurasa tuliziandika tukiwa tumeshiba
kwa ajili ya watu wenye njaa,
na watu hao walikuwa sisi.

Gari likaondoka. Wawili walilifuata hadi barabarani.
Sitawataja. Nawaelewa.
Ada nililipa Januari, nusu, kwa aibu.

Sasa meza ina kabari ya mringaringa.
Kitabu kimebaki na alama ya mguu,
kibonde cha duara kilichozama toka jalada
hadi ukurasa wa kumi na moja, labda zaidi.
Maneno bado yanasomeka.

Mwakani miaka mitano inakwisha.
Aikande ameshauliza
kalamu safari hii zitanunuliwa na nani.