Mwenyekiti Amegoma Kula

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wangu alifikisha arobaini na tatu,
hana mikono,
na chakula hataki.

Ni chatu mdogo wa maabara,
urefu wake mkanda wangu na nusu.
Kidato cha tatu walimwita Mwenyekiti
kwa kuwa hukaa tu, na wote humwogopa.
Lusekelo alimleta toka Usangu, ndani ya ndoo ya rangi,
toka kwenye majaruba ya mpunga ambako hata usiku hutoka jasho.
Kisha Lusekelo akafanya mtihani, akaenda zake.
Ndoo ikabaki kwangu, mimi Mlowe,
mwosha mirija, mtunza funguo.

Julai. Njombe.
Sakitu imelala juu ya kabichi kama chumvi iliyomwagika.
Shule imefungwa. Mkuu kasema: kwako, au porini.
Pori letu ni misindano mitupu, mstari kwa mstari,
na upepo unaopita katikati kama mkaguzi.
Nikambeba nyumbani, kifuani, ndani ya sweta.

Nilianza na panya wa ghalani, katoka mtegoni saa ile ile.
Nikamshika mkia kwa koleo la maabara,
nikamchezesha, nikamtembeza,
mtu mzima, miaka hamsini na minne,
natikisa maiti ya panya na kusema, "Haya baba, haya."
Mwenyekiti akatoa ulimi,
akaionja hewa,
akaahirisha kikao.

Nikampasha panya kwenye maji ya moto.
Nikazima taa. Nikafunika sanduku kwa khanga ya mke wangu
(hilo lilinigharimu siku mbili za kimya).
Asubuhi panya kakakamaa
kama kiatu kilichosahauliwa nje,
na mwenyewe kajikunja pale pale,
kamba isiyo na mzigo wa kufunga.

Tulinagwe akasimama mlangoni.
"Watoto wetu wanne, Mlowe,
kuna hata mmoja uliyewahi kumbembeleza kwa uji?"
Sikujibu. Nilikuwa kazini miaka ile,
naosha mirija.

Wiki ya tano nikanunua kifaranga.
Nikamtumbukiza, nikageukia ukuta,
maana kutazama siwezi.
Piyo, piyo. Piyo.
Kisha kimya.
Nikahesabu mpaka mia, nikachungulia:
kifaranga kalala fofofo
katikati ya mikunjo, juu ya nyoka,
kama yai lililorudi kiotani,
na Mwenyekiti kamsogezea nafasi.

Hapo ndipo nilipong'amua, mimi wa sayansi:
hakuwa na kiburi, wala huzuni, wala hakugoma.
Alikuwa na baridi.
Tumbo la nyoka huwashwa kutoka nje,
na mimi siku zote hizo nilimpa kuni
pasipo kiberiti.

Kifaranga alichukuliwa na Tulinagwe.
"Huyu haliwi tena," akasema, na hajaliwa.
Mimi nikahamishia sanduku jikoni, karibu na mafiga,
si karibu sana.
Chupa za soda, maji ya moto, soksi zangu za kazini:
chupa ya saa nne, chupa ya saa nane,
chupa ya saa kumi na moja jogoo akiwa bado anasita.
Macho yake yakawa meupe kama maji ya mchele.
Siku ya nane akajivua gamba, zima,
mpaka vifuniko vya macho.

Jana usiku niliweka panya, nikamsahau.
Niliamka kwa ajili ya chupa ya saa nane
nikakuta mkia, mkia tu,
unaning'inia mdomoni kama uzi kwenye sindano.
Nikakaa sakafuni.
Uvimbe ukateremka taratibu
kama lori linaloshuka Kitonga kwa gia nzito,
dereva hana haraka, breki anazijua.

Sikumwamsha mtu.
Kwenye sufuria kulikuwa na kiporo cha ugali na maharage
nilichokipuuza tangu jioni.
Nikakila hivyo hivyo, kimepoa,
mkono mmoja kinywani,
mwingine juu ya soksi
kuona kama bado ina moto.