Nusu ya Upinde

Saa kumi na dakika nne alfajiri,
chai ya shayiri imeshapoa kando ya kioo,
nukta ya kijani ikachomoza kaskazini.
Naiona ikipanda. Kupanda ndilo fungu langu.
Kushuka sikuoni: dunia ina mgongo,
na nyuma ya mgongo huo, ng'ambo, yuko mtu
ambaye kuanza hakuoni,
huona kuanguka tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa;
jicho moja nalo halijui umbali.

Simjui sura. Kwenye orodha ya zamu
ni Kudo, Aomori, basi.
Nampa nusu ya upinde, ananipa nusu,
na bahari iliyo kati yetu, kwa kuwa ina majina mawili
na la mwenzako hukukwama kooni kama mwiba,
kwenye fomu tunaiandika kwa nyuzi na dakika.
Namba hazina lafudhi.

Bibi yangu, Jeom-sun, alikuwa na miaka minane
mwalimu alipomfutia jina ubaoni
akamwandikia la Kijapani, kwa chaki ile ile.
Mpaka leo ukimwita haitiki mara ya kwanza.
Nilipomweleza kazi yangu, kile kipande nilichoruhusiwa,
aliendelea kumenya vitunguu saumu.
"Kuhesabu wanajua," akasema. "Hilo siwanyimi."

Mwaka jana meli yetu iliopoa mkia wa kombora,
na ndani, chini ya chumvi na masizi, vali
ya kiwanda kilicho vituo vitatu vya treni kutoka kwetu,
iliyouzwa kwa muuza pampu za maziwa,
naye akamuuzia mtu, na mtu akamuuzia mtu.
Tuliona haya. Tukawapelekea namba yake hata hivyo.
Baada ya wiki wakatuletea zao tatu.

Dakika ya saba. Nukta imetoka kwenye kioo changu,
iko mikononi mwa Kudo.
Nangoja. Hakuna chombo kinachopima kungoja.
Kisha: nyuzi, dakika, saa. Maji matupu.
Na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo haijazwi kamwe:
Ving'ora havikulia. Mwanangu bado amelala.

Nilisoma mara nne. Kanuni hairuhusu kujibu.

Asubuhi bibi akapiga simu: limeangukia wapi?
Baharini.
Bahari gani?
Nikamsomea namba.