Kona ya Same

Mvua ilitanguliwa na harufu yake,
vumbi la Msaranga likikohoa mara ya mwisho,
na Mama akigawa kazi: Ndeshi, anua nguo. Kaanaeli, kuni.
Wewe, beseni.
Mimi siku zote nilikuwa beseni.

Paa letu lilikuwa na matundu tisa, tukiyajua kwa majina.
La juu ya kabati Himo, la mlangoni Kibosho,
na lile kubwa, juu ya kitanda cha wazazi,
tuliliita Uru, maana huko ndiko maji yote yanakotoka.
Sufuria chini ya Himo ilisema ti, ti,
kopo la maziwa likajibu to.
Kona moja tu haikuvuja, nyuma ya mlango wa chumba chetu,
upana wa mkeka mmoja.
Hiyo tuliiita Same.
Same, alisema Baba, mvua ni mgeni
anayepita bila kuvua viatu.

Mwaka ule Aprili haikutaka kuisha.
Wiki tatu hatukuuona Mlima.
Kaanaeli aliapa kwamba umehamia Kenya,
nami nikalia, nikauliza kama utarudi.
Sare zilikauka juu ya jiko,
tukaingia darasani tukinuka moshi wa matawi ya kahawa.

Usiku wenyewe Baba alikuwa zamu, kiwanda cha magunia.
Mto Rau haukubisha hodi.
Niliamshwa na kandambili yangu
ikigonga mguu wa kitanda, taratibu,
kama mtu mwenye adabu.
Mama alikwisha kuwasha chemli.
Alisukumia mlangoni magunia ya Baba, yale yenye kasoro,
akatupandisha mezani, akapandisha unga, redio,
kisha kuku aliyekuwa akiatamia,
na kapu lake, bila kumwuliza.

Ndipo sauti dirishani. Mama Nakijwa:
"Ukuta wangu umekaa chini."
Alisema hivyo, umekaa,
kama anayemsemea mtu aliyechoka.
Dirisha letu lilikuwa bado halina nondo;
umaskini nao una siku zake.
Alimpitisha mtoto, miguu kwanza,
akarudi gizani kutafuta mbuzi.

Upepo ukaizima taa.
Mama akatuhesabu kwa kiganja, kichwa hadi kichwa:
moja. Mbili. Tatu. Nne.
Hakusita penye nne.
Tangu nizaliwe tulikuwa watatu.
Nilingoja arudie hesabu.
Hakurudia.

Asubuhi, tope sebuleni, laini kama uji wa mgonjwa,
na ndani yake maparachichi ya watu wa Uru,
yamesafiri usiku kucha bila nauli.
Mama alikataza tusiyale.
Tuliyala nyuma ya nyumba, bila chumvi, wote wanne.

Baba alifika amebeba baiskeli begani,
baiskeli iliyozoea kumbeba yeye.
Akautazama mstari wa tope ukutani, akatutazama.
"Na huyu?"
"Wa nne," Mama akasema, akiendelea kukamua tambara.
Baba akaenda kutafuta koleo.

Mama Nakijwa alimpata mbuzi, akapata na homa,
akalazwa Mawenzi, akatoka, akaanza upya na ukuta.
Mwanawe alikaa nasi mpaka mahindi yakakomaa.
Tulimpa Same.
Kwao ni Same kweli, upande wa milimani,
lakini hakucheka tulipomweleza.
Alilala mkono mmoja ukiushika ukuta.

Ule mstari Baba hakuupaka chokaa.
Kila Aprili tulisimama tukauegemea.
Mwaka ule ulinifika kiunoni,
uliofuata mapajani,
kisha juu kidogo ya goti,
nami kwa muda mrefu niliamini
kwamba ni maji yaliyokuwa yakipungua.
Nakijwa naye alikuja kupimwa, kutoka kwao,
akivua viatu mlangoni,
hata baada ya sisi wenyewe kusahau
kuitana.