Huenda

Baba alipuliza kwenye mfuko wa nailoni
kama anayemjazia mtoto puto.
Wakaifunga pumzi yake, wakaiandika jina:
Hermógenes Tarapués, miaka sitini na mmoja,
mkulima wa viazi, Túquerres.
Siku ya nne pumzi ikarudi na majibu:
tumboni mna mpangaji.

Hakushangaa sana. Kwetu, juu kule Azufral,
kuna ziwa la kijani kinywani mwa volkano,
maji makali, yananuka kiberiti,
na bado ukiinama ukingoni unaona utando,
kitu fulani kimeamua kuishi pale.
"Basi na mimi," alisema,
akalivuta poncho lake shingoni.

Daktari Ofelia Chaves hakucheka.
Alichora kwenye mgongo wa bahasha:
mfuko, mrija mwembamba, mrija mpana.
"Bakteria wako anakaa huku juu.
Lakini wanaohesabu wagonjwa wameona jambo:
wenye huyu juu
hukutwa, mara nyingi kidogo kuliko wengine,
na vinyama huku chini, kwenye utumbo mpana.
Huenda mmoja anamwita mwenziwe.
Huenda wanakaa nyumba moja tu, bila kujuana.
Naomba nitazame."

Huenda.
Nililipakata neno hilo basini hadi nyumbani.
Neno lenye miguu: huenda,
wala halikuahidi kufika.

Usiku wa maandalizi, lita nne za maji ya chumvichumvi.
Tochi ikavuka ua, ikarudi, ikavuka,
mbwa akabweka mpaka akachoka kubweka.
Saa tisa baba alicheka gizani:
"Nélida, hata maziwa ya marehemu mama yangu yametoka."

Pasto, chumba cha saba.
Waliniruhusu kutazama kioo.
Sikujua kwamba mtu mgumu vile
ndani ni waridi, ameloa,
kama njia ya udongo mvua ikishapita.
Kwenye kona, kinyama cha kwanza, sawa na dengu.
Mbele yake cha pili, kimesimama juu ya kikonyo,
uyoga usio na msitu.
Waya ukajikunja kitanzi, ukakaza.
Nilitegemea adui. Kwenye chupa
zilielea punje mbili.

Alipozinduka alitaka kueleza, yeye, si kuelezwa:
"Chemchemi ikioza, usikague chemchemi tu.
Teremka, ukague na mabirika."
"Mzee, utumbo si mfereji. Bado hatujui."
"Mimi pia sijui kwa nini baridi kali huua shamba langu
ikaliruka la Anselmo.
Lakini nikiona jani jeusi huku, mimi huenda kule kutazama."
Daktari akaweka kalamu chini.

Siku kumi na nne za vidonge.
Ulimi wake ulikuwa na ladha ya sarafu,
choo kilikuwa cheusi kama makaa,
na kwenye harusi ya Yolima alishika glasi ya maji
kwa uchungu wa mfungwa.

Nilidhani yameishia hapo.
"Na wewe?" daktari aliniuliza mlangoni.
"Si mlikula chungu kimoja?"

Mwiko mmoja, kwa kweli.
Mama alionja supu, akapuliza,
akanionjesha kwa mwiko uleule,
mwiko wa mti uliopasuka ncha.
Alikufa mwaka niliomaliza shule.
Kitabu cha parokia kina neno moja, *tumbo*,
kana kwamba tumbo ni mahali mtu anahamia.
Hakuna aliyeteremka kukagua.

Sasa mfuko wa nailoni uko mkononi mwangu,
baridi, na jina langu limeshaandikwa.
Baba amekaa kwenye benchi, anamenya chungwa,
hanitazami, ananihesabia kwa sauti ya chini,
moja, mbili,
napuliza.