Risiti ya Punda

Miaka thelathini na moja nilikuwa tarishi Thunder Bay,
nikifikisha bahasha za watu, nisiulize zina nini.
Sasa nimestaafu, nimekabidhiwa hazina ya shirika letu dogo,
na kazi yangu ni kuuliza.

Tuko tisa. Tunakutana chini ya kanisa, kando ya boila,
theluji ikiyeyuka viatuni na kufanya vidimbwi.
Tunauza soksi, na ile mikate ya iliki ya bibi zetu wa Kifini.
Mwaka huu zimepatikana dola elfu kumi na moja, mia nne na sita,
za bomba la maji, kijiji kimoja juu milimani Bolivia.

"Tutume leo," akasema Veikko, mwenyekiti. "Kiu haingoji."
Kweli haingoji.

Wakili, binti Gauthier, hakututoza hata senti.
Alikula mkate, akapangusa makombo, akasema:
Pesa ikivuka mpaka, jicho lenu livuke nayo.
Wale hawakusajiliwa hapa; msiwape bahasha mkaiita sadaka.
Andikeni mkataba. Toeni kwa awamu,
na awamu ya pili isitoke kabla ya hesabu ya kwanza.
Majina yao yapekueni kwenye orodha ya waliozuiwa.
Karatasi zote, miaka sita, pakavu.

Veikko akanuna. Kutoa ni moyo, ndiyo,
lakini moyo hauna nambari ya usajili.

Tukatuma awamu ya kwanza. Benki ikaikalia siku kumi na tisa.
Jina la fundi wao, Severo, lilifanana na la mtu mwingine,
mtu wa bara jingine, mwenye makosa yake mwenyewe.
Ikabidi Severo athibitishe kwamba ni Severo:
cheti cha kuzaliwa, picha, mashahidi wawili.
Akatuandikia: *Nimekuwa mimi kwa miaka hamsini na minne.
Hii ndiyo mara ya kwanza kuombwa ushahidi.*

Niliisoma barua ile nimesimama, koti bado mwilini.
Niliona haya. Hata hivyo niliitia jaladani.

Kisha zikaja risiti. Mabomba. Saruji, mifuko arobaini.
Na kipande cha karatasi ya daftari:
*punda, siku nne, kupandisha saruji.*
Hakuna saini. Dole gumba tu, wino wa zambarau.

Mkaguzi akaigonga kwa kalamu. "Punda ni wa nani?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Nikauliza. Jibu likachukua wiki tatu:
punda ni wa Fermina Condori, mwenyekiti wao.
Veikko akapiga meza. "Mnaona? Anajilipa mwenyewe!"
Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili, nakala ya kumbukumbu za kikao:
*Punda wengine wawili ni wagonjwa. Bei ni ileile ya jirani.
Mama Fermina ametoka nje ili tupige kura bila yeye.*
Na pembeni, kwa mwandiko mwingine, labda wake:
*Mvua ya mawe ilinikuta huko nje.*

Boila ikaunguruma. Nikakumbuka soksi.
Soksi zetu zote hununuliwa dukani kwa binti yake Veikko,
mwaka wa saba huu, na hakuna aliyewahi kutoka nje.
Nilifungua daftari la vikao nikatafuta neno soksi.
Sikulipata.

Sikusema kitu Jumanne ile. Nilisema Jumanne iliyofuata,
na Veikko, mikono mifukoni, alipanda ngazi
akasimama kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sufuri
mpaka tulipomwita.

Awamu ya pili imekwenda. Maji bado hayajafika;
kuna mwamba, Severo anasema, mgumu kuliko benki.

Usiku naitoa tena ile risiti.
Nimepiga mihuri barua nisizoweza kuzihesabu,
ya tarehe, ya mji, ya ndege, ya *mwenyewe hayupo*.
Huu una mistari ya ngozi, na kovu dogo katikati.
Naurudisha pakavu.