Glavu Moja Msumarini

Jumapili ya kwanza nilileta tochi.
"Ninyi ni nuru ya ulimwengu," nikasema,
nikabonyeza.
Giza. Betri zilikufa tangu Krismasi.
Watoto saba wa Skarvnes wakanitazama
kwa huruma ile wanayompa mbwa mzee
anayejaribu kupanda ngazi.

Jumapili ya pili, chumvi.
Eivind akailamba yote kiganjani mwangu,
akaomba maji, akatapika kando ya kinanda.
Mchungaji Aslaug hakusema neno.
Aliniletea ndoo na tambara la kupigia deki,
navyo, niliwaza nikiwa nimepiga magoti,
ni vifaa vya kufundishia.

Mimi si mwalimu.
Miaka thelathini na mmoja
nimepanga barua katika posta ya kisiwa hiki cha Norwe;
najua anwani, mifano siijui.
Lakini Gudny alivunjika nyonga kwenye barafu,
na kanisa likatazama huku, likatazama kule,
likaniona mimi nimekaa.

Januari huku kaskazini jua haliji.
Saa sita mchana dirisha ni la buluu,
kama wino uliodondokea maziwa,
na watoto wanaingia wamefungwafungwa
mithili ya vifurushi vya kwenda mbali:
skafu, kofia, buti, sweta juu ya sweta,
hata umfikie mtoto mwenyewe ndani
umeshachoka.

Jumapili ya tatu sikuwa na kitu.
Mfuko niliusahau mezani, hamira ndani yake.
Nikasimama mikono mitupu karibu na makoti
na macho yakaangukia msumari
unaotundikwa vilivyookotwa:
glavu moja ya sufu, nyekundu,
gumba lake limetoboka, likatiwa kiraka
kwa uzi wa kijani.
Ilikuwa pale tangu Oktoba.

Nikaitungua. Nikaanza:
mchungaji, kondoo mia, mmoja kapotea.
Mwenzake glavu hii, nikasema,
yuko huko nje thelujini, anatafutwa kwa udi na uvumba,
na wale tisini na tisa…
Hapo nikakwama.
Glavu ni mbili tu. Hesabu ilikataa.

Sunniva akanyoosha mkono.
Ana miaka sita, meno ya mbele hana.
"Hata hii imepotea."
Hapana, nikamwambia, hii ipo, si unaiona?
"Ipo. Lakini inaning'inia tu.
Na ile nyingine haiko thelujini.
Iko Bergen. Mfukoni mwa Torleif."

Kikanza cha ukutani kikalia tik, tik.
Oktoba ndipo baba yao alipopanda feri
na kaka mtu, na masanduku manne;
mama na Sunniva wakabaki.
Nilijua. Mimi ndiye niliyebadilisha anwani
kwa kalamu nyekundu, kwa mstari ulionyooka,
nikaenda kunywa kahawa.

Eivind akauliza: sasa kondoo ni nani?
Hakuna aliyemjibu.
Mmoja akasema Torleif, mwingine akasema baba,
Sunniva hakusema. Alivaa ile glavu
akakaa nayo hadi sala ya mwisho,
na tulipofumba mikono
wake ulikuwa mmoja mwekundu, mmoja mtupu,
vidole vya huu vikitafuta njia
katika sufu ya ule.

Jumatatu alikuja posta na mama yake.
Bahasha ilikuwa laini, imetuna katikati,
stempu imebandikwa kichwa chini.
Mama akatazama rafu ya kadi za rambirambi
kana kwamba anataka kununua.

"Atazipata zote mbili?" Sunniva akaniuliza.
Atazipata.
"Na mimi je?"

Nikaiweka kwenye mizani.
Gramu arobaini na mbili.
Mtoto akajiinua kwa vidole vya miguu,
kidevu juu ya kaunta, akinisubiri,
na mimi, mwalimu wa Jumapili,
nikatafuta muhuri kwenye droo
ambayo haikuwa na muhuri.